Saini Nzuri Kutoka Nakonde

Leo nimeadhirika, wadau. Nimeadhirika kazini, mchana kweupe, mbele ya bosi, mbele ya mteja, na mbele ya mama mmoja ambaye miezi yote hii nimekuwa nikimwambia kazi yake imepitwa na wakati. Naandika nikiwa nimeshaoga na kula, kwa hiyo uchungu umepungua. Imebaki taarifa tu.

Kwa msionifahamu, mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tunduma, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Ofisi inashughulikia nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Mimi nashughulikia seva. Seva yenyewe ni kompyuta moja nzito iliyo chini ya meza yangu, inayopokea intaneti na kuigawa kwa kompyuta saba za ofisi. Ikilala hiyo, nyaraka haziendi, malori hayasogei, na wenye malori wanaanza kuuliza fundi ni nani.

Fundi ni mimi, ila si rasmi. Nilikuwa kwenye matazamio ya miezi sita, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Bosi wangu, Mzee Nzunda, aliniambia tangu Jumatatu kwamba Ijumaa atavuta kiti akae pembeni yangu, anitazame ninavyofanya kazi, kisha aamue. Ama ananipa mkataba, ama narudi Hasamba kwenye kahawa ya wazazi. (Sina ugomvi na kahawa. Ila ada ya chuo ilitokana na kahawa hiyohiyo, na kurudi kuichuma tena ni kama kuiomba radhi.)

Nikajiuliza nimwonyeshe nini. Kubadilisha wino wa printa ameshaona. Kuzima na kuwasha ameshaona mara nyingi mno. Nikaamua kumwonyesha utaalamu wenyewe: kuweka toleo jipya la ile programu ya kugawa intaneti kwenye seva, tena kwa kuhakiki saini kabla ya kuiweka.

Niwaeleze kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa ukubwa wa aibu. Watengenezaji wa programu wakimaliza kazi yao, wanaifunga kwenye kifurushi na kukitia saini. Si saini ya kalamu, ni ya hesabu. Wewe unayepokea unakuwa na ufunguo wao, unaiambia kompyuta ilinganishe ufunguo na saini. Kama kuna mtu njiani amegusa hata herufi moja ndani ya kifurushi, kompyuta inakataa. Ni kitu kizuri sana. Nilikipenda tangu chuoni, na tangu niajiriwe sikuacha kukitaja, hasa mbele ya Mama Tumaini.

Mama Tumaini ndiye mkaguzi wetu wa nyaraka. Hajui kompyuta na hana mpango wa kujua. Mezani ana daftari kubwa ambalo ndani yake amebandika sampuli za mihuri na saini za kila ofisi tunayofanya nayo kazi. Kila sampuli aliifuata mwenyewe, akasimama mbele ya mwenye muhuri, akaona unavyogongwa. Ikija barua, anafungua daftari, anaweka hivi viwili sambamba, anashusha miwani, anatazama. Anaweza kutazama muhuri mmoja kwa muda ambao mimi nakunywa chai na kurudi.

Nilishamwambia mara nyingi: "Mama, wenzako siku hizi kompyuta inakagua yenyewe. Sekunde moja."

Na yeye kila mara ananijibu, "Haya, mwanangu," analowesha kidole, anafunua ukurasa. (Nilidhani ananikubalia.)

Sasa, tatizo langu lilikuwa moja. Kifurushi ni kikubwa, na intaneti ya ofisi wiki hii inatambaa. Nikikipakua ofisini, hakuna atakayetuma waraka wowote mpaka jioni. Kwa hiyo jana mchana nilivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa Ba Mulenga. Hiyo "Ba" ni heshima yao kule, kama sisi tunavyosema bwana. Ba Mulenga ana chumba cha intaneti karibu na stendi yao, na laini yake ina kasi kuliko zote ninazozijua. Kuvuka kwenyewe si habari. Sisi wa Tunduma tunavuka kufuata saluni, tunavuka kufuata sukari, wengine wanavuka kuposa.

Nikamweleza ninachotaka. Programu ya kugawa intaneti, toleo jipya, pamoja na saini yake, pamoja na ufunguo wake. Nilisisitiza hivyo viwili vya mwisho kwa sauti ya mtu aliyesoma. Yeye akaandika kwenye karatasi: programu, saini, ufunguo. Akasema nije asubuhi.

Leo asubuhi nikaenda. Akanipokea kwa mwaiseni yake, ndiyo karibu ya Kibemba, akanipa flashi, akasema vyote vitatu vimo humo. Nikaitia kwenye mfuko wa sketi, nikarudi zangu Tanzania kwa miguu. Pale mpakani yule askari anayenijua akauliza nimebeba nini leo. Nikasema flashi. Akasema pita.

(Naomba mkumbuke kwamba nafanya kazi kwenye ofisi inayolipwa kuhakikisha hakuna kitu kinachovuka mpaka bila karatasi zake.)

Saa nne Mzee Nzunda akavuta kiti. Mama Tumaini hakualikwa, lakini meza yake inatazamana na yangu, na mimi mwenyewe nikamwita aje aone. Nilitaka aone. Nakiri hilo bila kulazimishwa. Kwenye benchi la wateja alikuwepo mzee mmoja wa Kamsamba, mfugaji mwenye mashamba ya mpunga kule bondeni, lori lake la mchele limepaki nje likisubiri waraka wake utumwe. Naye akasogeza shingo. Nikawa na hadhira ya watu watatu.

Nikachomeka flashi. Nikaeleza kwa utulivu, kidole hewani, kwamba watu wengi wanaweka programu kienyeji, wanaokota tu na kupachika, halafu wanashangaa seva zao zinaharibika. Mimi sifanyi hivyo. Mimi kwanza naingiza ufunguo, halafu nahakiki saini, halafu ndipo naweka. Mzee Nzunda akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hii ni lugha anayoielewa. Maisha yake yote ni karatasi na saini.

Nikaingiza ufunguo. Nikaandika amri ya kuhakiki. Nikabonyeza.

Skrini ikaandika, kwa Kiingereza chake, kwamba saini ni nzuri. Nikageuza kioo cha kompyuta ili wote waone. Nikamtazama Mama Tumaini na kumwambia: sekunde moja, Mama.

Mzee Nzunda akainama karibu na skrini. Yeye ni mtu wa kusoma kila mstari, hata ule mdogo wa chini kwenye fomu. Akanyoosha kidole.

"Na hili neno la onyo hapa chini? Linasema hakuna uthibitisho kwamba ufunguo ni wa mhusika."

"Hiyo ni kawaida, bosi," nikasema. "Huwa inatokea tu."

Wadau, hapo ndipo kaburi langu lilipochimbwa, na jembe nilikuwa nimelishika mimi. Ni kweli lile onyo huwa linatokea. Chuoni lilitokea kila siku na hatukuwahi kulisoma. Tulikuwa tunatafuta yale maneno ya saini nzuri, tukiyaona tunaendelea na maisha. Leo pia niliyasoma hayohayo. Baada yake kulikuwa na jina la mwenye saini, limeandikwa lote, waziwazi. Sikulisoma. Nani anasoma jina?

Nikaondoa toleo la zamani. (Sikuweka nakala pembeni. Hili nalisema haraka haraka ili tupite.) Nikaweka jipya. Nikaiwasha seva upya. Taa zikawaka vizuri, na intaneti ikarudi. Mzee Nzunda akaenda kwenye kompyuta yake kujaribu, na sisi wote tukamfuata.

Ukatokea ukurasa wa bluu, una picha ya kikombe cha chai. Juu yake kumeandikwa, "Mwaiseni mukwai," na hiyo mukwai ni ya heshima. Chini kuna kitufe cha kuanza.

"Wametuandikia Kibemba?" bosi akauliza. Alionekana kufurahi kidogo.

Mimi nilikuwa sijawahi kuona ukurasa ule. Mtu mwenye busara angesema sijui. Lakini ilikuwa siku ya mwisho ya matazamio, na siku ya mwisho ya matazamio mtu hasemi sijui. Nikamwambia programu za kisasa zinatambua mtumiaji yuko eneo gani, zinamkaribisha kwa lugha ya jirani.

"Mbona basi isiwe Kinamwanga, lugha ya hapahapa?"

Nikasema Kinamwanga kiko njiani. Akabonyeza kitufe, intaneti ikafunguka, tena kwa kasi, akasema vizuri sana. Nikapumua. Kisha akaona kisaa kidogo kwenye kona ya skrini kinachohesabu kurudi nyuma kutoka dakika thelathini.

"Na hii saa?"

"Inapima ufanisi wa kazi, bosi."

Sijui neno ufanisi lilitoka wapi. Lilikuja lenyewe. Na sijui kwa nini lilimridhisha, lakini alikaa akaanza kuandika waraka wa lori la mchele huku akikitazama kile kisaa, na naapa alikuwa anaandika haraka kuliko siku zote. Wenzangu kwenye kompyuta nyingine nao walibonyeza vitufe vyao, vikombe vyao vya chai vikapotea, wakaendelea. Mimi nikarudi kwenye seva kuchungulia ndani kuna nini. Kila faili nililofungua lilikuwa na maelezo ya mtu nisiyemjua, mtu mchangamfu, anayeandika vichekesho katikati ya programu. Watengenezaji niliowazoea hawana vichekesho.

Bado dakika tano, nikaanza kutoka jasho. Bado dakika mbili, nikafikiria kung'oa waya wa umeme na kusingizia mgao. Nasikitika kusema sikung'oa.

Dakika thelathini zilipotimia, kompyuta zote saba zikafunga kwa pamoja. Ukurasa mwekundu, herufi kubwa, lugha tatu: Kiingereza, Kibemba na Kiswahili cha mipakani. Mzee Nzunda, kwa ile tabia yake, akausoma wote kwa sauti.

"Muda wako umekwisha. Nenda kaunta uongeze muda. Usile chakula hapa. Usiangalie picha chafu. Watoto wa shule wavue sare."

Mzee wa Kamsamba akatazama huku na huku, akauliza kwa upole kaunta iko wapi ili tumalize, maana lori limepaki juani. Hakuwa anatania. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Waraka wake ulikuwa umebakiza kurasa mbili. Bosi hakupandisha sauti. Aliniuliza tu ile programu nimeitoa wapi. Nikasema Nakonde. Akauliza kwa nani. Nikasema. Akafunga macho kidogo, akafungua.

"Faraja," akasema, "kampuni ya kutoa mizigo imeingiza magendo."

Nikampigia Ba Mulenga. Nilitaka nizungumze naye nikiwa nje, lakini bosi akasema nizungumzie palepale. Ba Mulenga hakuhitaji hata maelezo. Nilipotaja ukurasa mwekundu akasema ooh, madamu, hiyo ni yangu, nakuja. Na kweli akaja, kwa miguu, kompyuta mpakato kwapani, shati limechomekwa vizuri. Askari wa mpakani alimpitisha kwa kuwa alisema anakwenda kuokoa ofisi.

Ofisi nzima ilimpokea kama daktari. Akapewa kiti changu. Akaandika nenosiri lake kwenye seva yangu, akaondoa kisaa, akafungua kompyuta zote, na waraka wa mchele ukatumwa. Nilisimama nyuma ya kiti changu mwenyewe nikimshikia chai. (Alitaka vijiko vinne vya sukari. Niliweka.)

Kisha akaeleza, bila hata chembe ya aibu, kwamba programu ya watengenezaji ilikuwa inamsumbua kule kwake, haina kisaa, haifungi muda wa mteja ukiisha. Kwa hiyo aliirekebisha. Akaongeza kisaa, akaongeza makatazo, akaongeza kikombe cha chai. Tangu hapo vyumba vya intaneti vya Nakonde vinatumia ya kwake, na hakuna aliyelalamika. Mimi nilipomwomba programu ya kugawa intaneti, akanipa iliyo bora.

"Na saini?" nikamuuliza. Nilikuwa bado na tumaini moja, kwamba alidanganya mahali fulani, ili kosa liwe la mtu mwingine. "Mimi nilihakiki saini, Ba Mulenga. Mbele ya watu."

"Uliomba saini, madamu, nikaweka. Ilisemaje?"

"Ilisema nzuri."

"Basi ni nzuri. Ni ya kwangu."

Akanigeuzia skrini na kunionyesha ule mstari. Baada ya maneno ya saini nzuri lilikuwepo jina lake kamili, na jina la chumba chake cha intaneti, na neno Nakonde. Vilikuwepo tangu saa nne. Mzee Nzunda aliinama kusoma. Mzee wa Kamsamba, ambaye waraka wake ulikuwa umeshakwenda na hakuwa na sababu ya kuendelea kukaa, naye aliinama kusoma.

Hapo nilitamani sakafu ipasuke. Lakini sakafu za Tunduma ni za zege.

Nikajitetea. Nikasema hesabu haikukosea, saini ilikuwa halali kabisa, kifurushi hakikuguswa njiani. Ndipo Mama Tumaini akaweka kalamu chini.

"Huo ufunguo wa kukagulia ulikuwa wapi?"

"Kwenye flashi, Mama."

"Flashi ipi?"

"Hiyohiyo iliyoleta programu."

Akavua miwani. Alinitazama bila ukali wowote, na ningependelea ukali.

"Mwanangu, mtu ameleta barua. Ameleta na sampuli ya muhuri kwenye bahasha ileile. Wewe umelinganisha muhuri wake na muhuri wake. Ulitegemea vitofautiane?"

Hakuna aliyecheka. Nawahakikishia ningependa wangecheka. Ba Mulenga alitikisa kichwa taratibu akasema ni kweli mukwai, hata yeye hakuwahi kuliwaza hivyo. Mimi niliyesoma miaka mitatu nami sikuwa nimewahi kuliwaza hivyo. Nilijua amri zote kwa kichwa. Nilijua hesabu zilizo nyuma yake. Kitu nilichokuwa sijakijua ni kwamba kazi yote iko kwenye kujua ufunguo ni wa nani, na umeufikia kwa njia gani, na kwamba yule mama amekuwa akiifanya kazi hiyohiyo mbele ya macho yangu kila siku kwa gundi na daftari, huku mimi nikimwonea huruma. Niliona haya, wadau. Haya ya kweli, ya kutazama viatu.

"Huna mtu mwingine anayewajua hao watengenezaji wenyewe?" Mama Tumaini akauliza. "Mtu asiyefahamiana na huyu bwana."

Ninaye. Isaya, niliyesoma naye, sasa yuko Mbeya mjini, ana diski halisi ya watengenezaji, na ufunguo wao amekuwa nao tangu chuoni. Kila ufunguo una alama yake, kama alama ya kidole: herufi na tarakimu arobaini ambazo haziwezi kufanana na za ufunguo mwingine. Ba Mulenga alikuwa bado na kifurushi cha asili kwenye kompyuta yake, kabla hajakitia kikombe cha chai, pamoja na ufunguo uliokuja nacho. Nikampigia Isaya. Nikaweka simu mezani kwa sauti kubwa.

Isaya akaanza kusoma zile alama kutoka Mbeya, nne nne. Mimi nilitaka kuzilinganisha za mwanzo na za mwisho tu, halafu tuendelee. Mama Tumaini akaniondoa kwenye skrini kwa kiwiko. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye kioo, na kila Isaya alipotaja nne, yeye alisema "ipo" na kusogeza kidole. Isaya alipokohoa, Mama alimwambia arudie zile alizokohoa. Zilipotimia arobaini, alisema haya, sasa weka. Hakuwa anajua ni kitu gani kinawekwa. Alikuwa anajua kimetoka kwa nani.

Nikahakiki upya. Saini nzuri, na mara hii nikasoma jina la mwenye saini kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaweka. (Nakala nikatunza. Mbili.) Seva ikawaka, hakukuwa na chai wala kisaa. Ba Mulenga alisikitika kidogo akasema yake ilikuwa nzuri zaidi, akaaga, akavuka kurudi kwao. Mzee wa Kamsamba naye akaaga, akanipa mkono, akaniambia pole kwa msiba. Nadhani alikuwa anamaanisha.

Saa kumi na moja bosi akaniita. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuaga na nimeshahesabu mabegi yangu ni mangapi. Mzee Nzunda hakunikaribisha kiti. Alisema kukosea amekubali, kwa sababu hata yeye kila siku anatazama muhuri na kuona wekundu wake tu. Kilichomkera ni ufanisi. Kile kisaa. Alisema alikaa nusu saa nzima akiandika mbio, mkono unamuuma mpaka sasa, akidhani kompyuta inampima.

Nikaomba radhi. Ilinitoka moyoni, maana nilimwona kweli anajikanda kifundo cha mkono.

Akasema mkataba hanipi leo, na hanifukuzi. Anaongeza matazamio miezi mitatu. Seva nitaendelea kuitunza, ila asubuhi zote nitakaa meza ya Mama Tumaini, kitako, nijifunze kukagua mihuri ya karatasi mpaka Mama mwenyewe aseme inatosha. Mama ndiye atakayesaini fomu yangu ya tathmini. Nikauliza huwa inachukua muda gani. Bosi akasema aliyetangulia alichukua mwaka.

Nimekubali. Naanza Jumatatu. Nimeshaambiwa nije na gundi yangu.

Kwa hiyo wadau, mkipita Tunduma mkanikuta nimeinamia muhuri nikiutazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, nawaomba mnyamaze mpite. Na mtu wa kwetu Hasamba akiwauliza, mwambieni Faraja amehamishiwa kitengo cha usalama.